Mdogo wangu yupo Texas kwa visa ya masomo: bastola kule haina kibali kweli?

korosho_tandahimba: Wakuu, salamu toka kusini. Mdogo wangu anasoma Houston, visa yake ni F-1. Wenzake anaopanga nao wanamwambia ukishafika miaka 21 unaficha bastola kiunoni bila kibali cha mtu. Huku Mtwara silaha bila leseni ni kesi, mama presha imepanda. Kuna ukweli? Na mjomba wetu ana grini kadi, anaendesha lori Houston hadi Chicago, yeye je?

mikindani_kale: Hawajamdanganya, wamempa nusu ya sheria. Texas iliondoa sharti la kibali 1 Septemba 2021, ila kwa mtu ambaye tayari anaruhusiwa kuwa na silaha. Na sheria ya shirikisho, ambayo jimbo haliwezi kuifuta, inamkataza mwenye visa ya muda kama F-1 kuwa na bunduki au hata risasi moja. Kifungo ni hadi miaka 15. Wala si lazima iwe yake: akimhifadhia rafiki kwenye droo, au akikodi moja uwanja wa shabaha, kosa limetimia.

Mwanya mmoja ni leseni ya uwindaji ya jimbo. Ikiisha muda, mwanya nao umefungwa. Chuoni haimsaidii kitu, maana kuingia na bastola kwenye majengo ya chuo Texas bado kunataka leseni ya kubeba.

nachingwea_barabarani: Mjomba anaruhusiwa kumiliki. Tatizo ni njia. Arkansas na Missouri nazo hazidai kibali, lakini akivuka kuingia Illinois mambo yanageuka, kule kubeba ni kwa leseni. Watu hukimbilia ile sheria ya kupita salama (silaha haina risasi, imefungiwa mbali na dereva). Hiyo humlinda anayepita kwenda mahali anakoruhusiwa kubeba, na yeye Chicago ndiyo mwisho wa safari. Aiache nyumbani.

Jingine ambalo wengi hawalijui: shirikisho linakataza silaha ndani ya futi 1,000 za shule, kama mita 300. Anayesamehewa ni mwenye leseni ya jimbo hilohilo, au aliyeitoa risasi na kuifungia kwenye kasha. Jimbo kuondoa kibali hakumpi msamaha huo. Ndiyo maana Texas bado inatoa leseni kwa anayetaka, na mimi ningemshauri aichukue.

mikindani_kale: Naongezea: akitiwa hatiani kwa kosa la silaha, grini kadi haimkingi kufukuzwa nchini.

korosho_tandahimba: Shukrani wakuu. Sasa mmoja wa hao anaopanga nao anayo yake. Dogo ahame?

mikindani_kale: Si lazima. Mwenye nayo aiweke kwenye kasha la chuma, namba za kufungulia dogo asizijue. Asiishike hata kwa picha. Akiirusha mtandaoni, amewaandalia ushahidi mwenyewe.