Tupeane uzoefu: DVR ya nyumbani inarekodi vizuri lakini haionekani kwenye simu

Geti Jeusi: Ndugu zangu, habari za jioni. Nimeandika baada ya kumwona jirani yangu akimlipa fundi kwa mara ya tatu mwezi huu ili DVR (mashine ya kurekodi picha) ya kamera zake nne irudi mtandaoni, ilhali picha kwenye televisheni ya sebuleni zinaonekana bila tatizo lolote. Mimi mwenyewe nilihangaika wiki mbili mwaka jana, na mwishowe ikabainika kuwa kichwa cha waya wa mtandao kilikuwa kimeota kutu ya kijani, kwa kuwa tunaishi karibu na bahari na hewa ya chumvi haina huruma na shaba. Aliyewahi kupatwa na jambo hili aeleze lilimkuta vipi na alilimaliza vipi.

Fundi Waya: Wengi hukimbilia kubadilisha mipangilio kabla hawajainama nyuma ya mashine na kutazama taa ndogo za kwenye tundu la waya. Taa hizo zikiwa zimezimika, hakuna namba utakayoiandika kwenye menyu ikakusaidia, kwani tatizo litakuwa kwenye waya, kichwa chake, tundu la ruta au tundu la DVR yenyewe. Sogeza DVR karibu na ruta, unganisha kwa waya mfupi unaouamini, kisha ujaribu tena. Waya wa shaba wa mtandao unaruhusiwa kufika mita 100, lakini nimekuta uliovutwa mita 30 tu ukiwa umeungwa katikati kwa selotepu.

Mama Pacha: Selotepu hiyo nami niliikuta kwangu, kaka, na aliyeiweka aliniapia kuwa waya ni mzima.

Msafiri wa Songea: Mada hii imenikumbusha usiku ambao sitausahau. Nilikuwa Songea kwenye msiba wa baba mdogo, nyumba yangu ya Kimara nimemwachia mpwa wangu, na saa nane za usiku nikafungua simu ili nitazame uwanja. Programu ikaniambia kuwa kifaa hakipo mtandaoni. Nikampigia mpwa mara sita, hakupokea. Kwa mtu aliye mbali, tena mwenye majonzi, mawazo huenda moja kwa moja kwa wezi: nikaamini kuwa wamekata nyaya, wamembana kijana, na kwamba kila dakika ninayochelewa wanabeba kitu. Nikamwamsha jirani, jirani akawaamsha vijana wa ulinzi shirikishi, wakaja na tochi na marungu, wakaita, wakagonga, na walipoona kimya wakavunja kitasa cha mlango wa jikoni. Mpwa wangu alikuwa amelala fofofo chumba cha mwisho, simu imezimika chaji, na alipofumbua macho alikuta wanaume watano wamesimama juu ya kitanda chake.

Asubuhi ndipo ukweli ulipojulikana. Jana yake jioni walikuja watu wa mkongo wakabadilisha ruta. Ruta ya zamani iligawa anwani za mtandao (namba zinazotambulisha kila kifaa) zinazoanza na 192.168.1, na DVR ilikuwa imeandikiwa kwa mkono 192.168.1.108. Ruta mpya ilikuwa na anwani 192.168.100.1, kwa hiyo DVR ikabaki inaulizia lango (njia ya kutokea kwenda intaneti) la 192.168.1.1 ambalo halipo tena, mithili ya mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyokwisha kubomolewa. Taa zilikuwa zinawaka vizuri, Fundi Waya, wala zisingekuonyesha lolote. Mpwa aliunganisha kipanya, akafungua menyu ya mtandao, akawasha DHCP, yaani ruta iipe DVR anwani yenyewe, na ndani ya dakika moja kifaa kikarudi. Kinachonichekesha sasa, ingawa siku ile sikucheka, ni kwamba DVR haikuacha kurekodi hata sekunde moja, kwa sababu diski yake haihitaji intaneti. Mimi nilikuwa kipofu, mashine ilikuwa macho, na kitu pekee ilichokinasa usiku ule ni majirani zangu wakivunja mlango wangu.

Bibi Ua: Pole sana kwa msiba na kwa mlango. Je, kitasa alilipa nani?

Mama Pacha: Nami nasubiri jibu hilo kabla ya maelezo yoyote ya anwani.

Mwalimu wa Hesabu: Kisa hiki kinathibitisha ninalolisema kila siku, kwamba mafundi waache kuandika anwani kwa mkono. Wakiwasha DHCP tangu mwanzo, ruta ikibadilishwa DVR itapewa anwani mpya pamoja na lango na DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani), na hakuna atakayevunjiwa mlango.

Fundi Waya: Mwalimu, nakuheshimu, lakini wewe hupigiwi simu na wateja. Ukiacha DHCP peke yake, siku moja umeme utarudi na DVR itapewa anwani nyingine, na yule aliyefungua poti (njia ya kuingilia kutoka nje) kwenye ruta ili atazame akiwa nje atakuta poti inaelekea kwenye televisheni. Lawama zitakuja kwangu.

Mwalimu wa Hesabu: Basi lawama hizo ni halali, kwa sababu ulimfungulia poti mtu asiyejua maana yake. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka DVR na kamera nyingi duniani kwa kujaribu tu majina na nywila za kiwandani, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuishambulia Dyn, kampuni ya DNS ya Marekani, hata tovuti kubwa zikawa hazifunguki.

Fundi Waya: Nywila ya kiwandani na anwani ya kudumu ni mambo mawili tofauti. Usinichanganyie.

Mwenye Duka: Wakubwa zangu, mkeka mmoja mnauvuta pande mbili. Iacheni DVR kwenye DHCP, halafu ndani ya ruta hifadhini anwani moja kwa ajili ya namba yake ya MAC, ile iliyopewa kiwandani. Anwani haitabadilika, na ruta ikibadilishwa DVR haitapotea. Kuhusu poti, mimi nilizifungua mwezi mzima kwenye ruta ya laini ya simu bila mafanikio, mpaka nilipoona kuwa anwani ya nje ya ruta yangu inaanza na 100.72. Anwani kutoka 100.64 hadi 100.127 zilitengwa mwaka 2012 kwa watoa huduma wanaowagawia wateja wengi kwa pamoja anwani moja ya nje, kwa hiyo poti unazozifungua ndani haziko kwenye mlango unaotazama barabara. Tumieni huduma ya P2P (simu na DVR huunganishwa kupitia seva ya kampuni) ya kuskani msimbo, msihangaike.

Bibi Ua: Mimi niliskani msimbo nikaambiwa kifaa kina mwenyewe tayari. Mwenyewe alikuwa fundi, aliyekisajili kwenye akaunti yake na kuhamia mkoa mwingine. Mwaka mzima alikuwa na uwezo wa kutazama uani kwangu.

Fundi Waya: Huyo si fundi, Bibi.

Kijana wa Tabata: Wengine kabla ya kumwita fundi tuangalie kwanza kifurushi. Nimeshalipa nauli ya fundi ili aje kunieleza kuwa data imeisha.

Mjomba Saa: Tazameni na tarehe ya mashine. Betri ndogo ya ndani ikifa, umeme ukikatika saa inarudi miaka ya nyuma, na baadhi ya mashine zikiwa na tarehe ya uongo hukataliwa na seva kwa sababu cheti cha usalama kinaonekana hakijaanza kutumika.

Mama Pacha: Mjomba, tuachie kwanza. Tunasubiri habari za kitasa.

Msafiri wa Songea: Kitasa nimelipa mimi, na soda za vijana watano pia.

Geti Jeusi: Nimerudi kutoka kwa jirani sasa hivi. Taa zinawaka, DHCP imewashwa, anwani inalingana na ya ruta, kifurushi kipo. Tarehe ya DVR inasoma Januari 2000. Nilipomuuliza, akasema fundi huwa anabonyeza menyu kidogo, picha zinarudi kwenye simu, na zinakaa hadi umeme ukatike tena. Kesho tunafungua mfuniko. Mjomba Saa, betri hizo zinaitwaje dukani?

Mjomba Saa: Mara nyingi ni CR2032, ile bapa kama sarafu. Iangalieni iliyomo kabla ya kwenda dukani, na mchomoe umeme kwanza.