Tancredi alimpenda Angelica au mali ya Calogero?

msomaji_wa_usiku: Wakuu nimemaliza riwaya ya Il Gattopardo ya Lampedusa na nina kitu moyoni. Ni kisiwa cha Sicily 1860, Garibaldi, jenerali anayepigania Italia iwe nchi moja, katua Marsala na wapiganaji wake wa mashati mekundu kama elfu moja hivi, mamwinyi matumbo joto. Prinsi Fabrizio ana mpwa wake Tancredi, ukoo mkubwa lakini baba alishatapanya kila kitu, na Prinsi mwenyewe anamposea Angelica, binti wa Calogero Sedara, tajiri wa juzi. Na kule baba wa binti ndo anatoa mali. Sasa yale ni mapenzi au biashara? Mi nasema biashara, Prinsi ndo mshenga.

kijana_mkweli: Mapenzi yalikuwepo bana. Soma pale wawili wanapozurura kwenye vyumba vilivyosahaulika vya kasri la Prinsi mjini Donnafugata, ile joto hainunuliwi. Na kabla hamjamlilia Concetta, yule binti wa Prinsi aliyempenda Tancredi, yeye alijikosesha kwa maringo. Mwanaume kapiga stori mezani, we unanuna, basi.

shangazi_mdogo: Maringo?? Stori yenyewe ilikuwa eti yeye na wenzake wamevunja mlango wa konventi vitani wakawatania masista wazee, anaisimulia ili Angelica acheke. Concetta kalelewa nyumba yenye padri wao na rozari kila siku, ulitaka apige makofi? Dada yangu naye aliambiwa anaringa, na aliyesema hivyo akaenda kuoa kwa wenye maduka. Neno hilo nalijua linakotoka.

kijana_mkweli: Pole dada, ila usimtwike Tancredi makosa ya shemeji yako.

shangazi_mdogo: Hakuwahi kuwa shemeji yangu, hicho ndo ninachokwambia.

mwalimu_mstaafu: Wanangu tulieni. Mwisho wa kitabu ni 1910, Concetta ni bibi kizee, anaambiwa na seneta mmoja rafiki wa Tancredi kwamba ile stori ya konventi ilikuwa ya kutunga. Miaka hamsini kamchukia mtu kwa jambo ambalo halikutokea. Lakini mnaacha mzizi. Ukabaila Sicily ulifutwa kisheria 1812, ardhi ikaanza kuuzika, mamwinyi wakawa wanakopa na wakina Calogero wananunua. Mkulima hakupata kitu. Agosti 1860 wakulima wa mji wa Bronte, huko huko Sicily, walidai ardhi, damu ikamwagika, Nino Bixio, kamanda wa Garibaldi, akaja, kesi ya harakaharaka, watu watano wakapigwa risasi. Nyie mnajadili nani alinuna.

mkaa_bandarini: Na Bronte ndo kule warithi wa Nelson, yule amiri wa Uingereza, walikuwa na ardhi kubwa. Hapo mtu ujiulize Bixio alikuwa anawahi kumlinda nani.

shangazi_mdogo: Mwalimu shikamoo, ila hiyo ya kununa imeniuma. Ardhi na Concetta vilipotea kwa mkono mmoja, mkono wa watu walioamua kwamba ukoo lazima upone kwa gharama yoyote, na gharama hailipwi na anayeamua.

kijana_mkweli: Mnamwonea Prinsi. Serikali mpya ilimtumia mjumbe, ikampa useneta, akakataa! Mla rushwa gani anakataa cheo?

msomaji_wa_usiku: Akakataa halafu akampendekeza nani? Calogero! Meya yule yule aliyesimamia kura ya kuungana na Italia, Oktoba 1860, Donnafugata nzima ikatangazwa Ndiyo tupu, hakuna hata Hapana moja. Wakati Don Ciccio, yule mpiga kinanda anayewinda na Prinsi, alipiga Hapana kwa mkono wake. Kura yake wakaimeza. Prinsi alijua na bado akaposa kwa mtu huyo.

kijana_mkweli: Tunaongelea mapenzi, Ciccio kaingiaje tena?

shangazi_mdogo: Kaingia hivi. Wakiwa mawindoni Ciccio alimwambia Prinsi usoni kwamba ndoa ile ni aibu, ndo mwisho wa ukoo wenu. Alithubutu kweli. Walivyorudi Prinsi akamfungia kwenye chumba cha bunduki, yeye na mbwa, asije akatoa siri kabla posa haijafika kwa Calogero. Kijana, rudi usome hapo, halafu uje unionyeshe hayo mapenzi yamekaa wapi.