Tupeane uzoefu: winta ya Calgary, leo barafu kesho tisheti

Wakuu habari zenu. Nimehamia Calgary, Kanada, na hii ndo winta yangu ya kwanza, hali ya hewa ya huku inanichanganya kwa kweli. Wiki iliyopita ilikuwa hasi 25, ukivuta hewa pua inaganda kwa ndani na kope zinashikana, halafu juzi naamka nasikia maji yanachuruzika kwenye paa, kutoka nje ni digrii 8 watu wanatembea na tisheti! Jana usiku barafu tena. Mliotangulia mnaishije na hii hali, hasa wenye watoto?

— Karibu sana mkuu, hiyo ni Chinook. Upepo unatoka Pasifiki, ukipanda milima ya Rocky unamwaga mvua na theluji upande wa magharibi, ukishavuka unashuka huku ukiwa mkavu, na kila ukishuka mita 1,000 joto linapanda kama digrii 10, ndo maana unatufikia na joto lote hilo. Ukiona wingu limejipinda kama upinde juu ya milima na chini yake anga ni bluu, ujue inakuja. Ila koti lisirudi kabatini, inaweza kukaa masaa machache tu ikaondoka.

— Mi kinachonitesa ni kipandauso. Nilianza kuandika kwenye kalenda siku za kichwa na siku za Chinook, zikawa zinafuatana. Siku hizi nikiona lile wingu nakunywa maji mengi na dawa nakuwa nayo mkononi.

— Mimi ni mama wa wawili na nakwambia kaka, ogopa siku inayofuata kuliko baridi yenyewe. Theluji iliyoyeyuka mchana inaganda usiku, barabara unaiona kama imelowa tu kumbe ni barafu. Jirani yangu aliteleza hapo hapo mlangoni kwake akavunjika mkono, mama wa watu kakaa na plasta mpaka theluji zimeisha. Mwaga chumvi kwenye ngazi kabla hujalala, na kumbuka sheria ya jiji inakutaka usafishe njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba ndani ya masaa 24 theluji ikiacha kuanguka. Watoto wavalishe nguo nyepesi nyepesi moja juu ya nyingine wawe wanapunguza wenyewe, na soksi za akiba kwenye begi kila siku maana zile buti lazima ziingie maji.

— Kama kazi yako ni mjini kati jifunze Plus 15, yale madaraja ya vioo yanayounganisha majengo kwa juu, unatembea mbali bila kukanyaga nje.

— Asanteni sana ndugu zangu, hilo la kichwa hata wife analalamika. Sasa ule waya wa umeme wa kupasha injini ya gari joto isigome kuwaka kwa baridi, nauchomeka saa ngapi?

— Ikishuka chini ya hasi 15 hivi. Nunua taima uiseti iwashe masaa matatu manne kabla hujatoka, ukiacha usiku kucha unachoma umeme bure.