Tupeane uzoefu: ndimu, siki, magadi na majivu vimekufanyia nini nyumbani kwako?

MamaWawili: Wakuu, habari za jioni. Leo nimepita kwa jirani nikamkuta dada wa kazi kapiga magoti, nusu ndimu mkononi, anasugua doa la chai kwenye sakafu ya tarazo. Anasema sabuni kali za dukani zinamletea mafua, kwa hiyo siku hizi nyumba nzima ni ndimu na magadi. Doa limetoka kweli, ila mahali pake pamebaki pamefifia kama pamepakwa chaki. Nimekumbuka mengi. Haya, semeni, hivi vitu vya asili vinafaa wapi na vinaharibu wapi?

Fundi Saruji: Doa halijatoka hapo, ni sakafu iliyoliwa. Tarazo ni vipande vya mawe, mara nyingi marumaru halisi, vilivyoshikwa na saruji. Vyote viwili vinaliwa na uchachu, uwe wa ndimu, siki au ukwaju. Mng'ao ukishaondoka hakuna cha kupaka, ni kumwita mwenye mashine asage upya. Kabla ya kumwaga kitu kichachu, dondosha tone moja nyuma ya mlango. Likitoa vipovu, weka chupa chini. Sabuni ya kipande na maji inatosha.

Kaka wa Mbagala: Fundi unatisha watu bure. Kwangu sebule ina marumaru, tunapiga siki tangu tuhamie na zinawaka.

Fundi Saruji: Zako ni vigae vya kuchomwa, juu vina kioo, siki haiviwezi. Kaangalie mistari ya katikati halafu urudi.

Kaka wa Mbagala: Mistari imechimbika kidogo, lakini hiyo ni kazi mbovu ya fundi. Mafundi wa mji huu mnajuana.

Fundi Saruji: 😂😂 Haya mzee.

Mama Makande: Mimi kilio changu ni sufuria. Wifi alikuja kunisaidia, akaloweka sufuria zangu za alumini kwenye magadi usiku kucha ukoko ulainike. Asubuhi ni nyeusi tii! Alumini na magadi haviivi, ndiyo maana hata ukipika makande ya magadi sufuria inabadilika rangi. Nilichemsha maji na maganda ya ndimu humo humo, weusi ukapungua sana. Sufuria ya chuma cha pua haina shida hiyo.

Mjukuu wa Kijijini: Bibi yangu alisugulia majivu na mchanga maisha yake yote na sufuria zake ulikuwa unajitazama uso.

Mama Makande: Na zilikuwa zinatoboka kila mwaka, muulize. Jaribu mchanga wako kwenye kikaango kisichoshika chakula uone kama utakaanga yai tena. Hicho ni kitambaa laini au dodoki lililolowa vizuri, basi.

Dodoma Kavu: Huku maji yana chumvi, birika linajenga ukuta mweupe ndani. Siki na maji nusu kwa nusu, chemsha, acha lipoe, mwaga, suuza. Ukuta unabanduka vipande vipande.

BintiPemba: Vya shaba ni ndimu na chumvi, ila kwenye mlango wa nakshi futa njumu, vile vichwa vya shaba, moja moja kwa kitambaa na ukaushe hapo hapo. Ukimwagia, maji yanateremka kwenye mbao yanaacha michirizi. Na mikono ioshwe kabla ya kutoka juani! Ndimu na jua vikikutana kwenye ngozi ni malengelenge, kisha mabaka meusi hayaondoki leo wala kesho.

Msafiri wa Tanga: Naona mnacheka, ngoja niweke hii. Mdogo wangu wa kike alikuja kusaidia usafi siku moja kabla ya hitma ya arobaini ya baba. Choo cha ndani, kile cha kuchuchumaa, kilikuwa na ukoko wa njano. Akamwaga Jik, akaona haujatoka, akakumbuka aliambiwa siki ndiyo kiboko ya ukoko. Akamimina chupa nzima juu yake. Mlango kaufunga mtoto asiingie, dirisha lenyewe ni tofali la matundu. Mimi niko uani napepeta mchele. Nikasikia kikohozi, si kile cha pilipili ikikaangwa, hiki ni cha mtu anayetafuta hewa haipati. Kufungua mlango, ile harufu ikanipiga machoni kabla ya puani. Yuko chini, kashika ukuta kwa mkono mmoja, brashi bado iko mkono wa pili. Nikamburuta hadi chini ya mwembe. Jirani mmoja anakuja na maziwa, mwingine anataka apakwe mafuta kifuani, wa tatu anasoma dua kwa sauti. Bodaboda akatuwahisha hospitali, wakamwekea oksijeni. Hitma ilisomwa yeye yuko wodini.

MamaWawili: Ya Rabi! Anaendeleaje sasa?

Msafiri wa Tanga: Mzima, ila akinusa siki hata kwenye kachumbari anatoka nje.

Nesi wa Zamu: Jik ikikutana na kitu kichachu hutoa gesi ya klorini. Ni nzito kuliko hewa, inatuama chini, ndiyo maana aliyechuchumaa anaivuta zaidi. Mtoe nje kwanza, mengine baadaye. Na akisema amepona bado apelekwe, kifua kinaweza kubana saa kadhaa mbele.

Mzee wa Kumbukumbu: Ndiyo gesi Wajerumani waliyoifungulia Ypres, kule Ubelgiji, mwaka 1915 kwenye Vita Kuu ya Kwanza.

Kaka wa Mbagala: Mzee, tuko chooni, usitupeleke vitani.

Shangazi Mkali: Maziwa yanasaidia, msiwapotoshe watu. Sisi tumelelewa hivyo.

Nesi wa Zamu: Shangazi yangu, maziwa yanaenda tumboni, gesi iko mapafuni. Na mtu anayekohoa hivyo ukimnywesha unaweza kumpalia.

Shangazi Mkali: Nesi wa siku hizi mnajua kila kitu.

Mjukuu wa Kijijini: Kwa hiyo nichanganye siki na bekingi soda badala yake? Naona inafoka vizuri.

Mama Makande: Inafoka halafu yanabaki maji ya chumvi, vimeuana. Tumia kimoja kimoja. Na usithubutu kuvifungia kwenye chupa, itakulipukia.

Baba Mapacha: Naombeni msaada, godoro la watoto linanuka mkojo. Nilitaka kupiga Jik.

Nesi wa Zamu: Usipige! Jik na mkojo navyo vinatoa gesi. Nyunyiza bekingi soda, acha ikauke, kung'uta, anika juani.

Baba Mapacha: Sawa nesi. Bekingi soda ya kilo inapatikana wapi? Hizi pakiti za maandazi zitanimaliza.