Ushauri: niifute -ke ya yambwa kwenye lugha niliyoitunga?

Mtunzi_Lumeri: Wakuu, heshima kwenu. Nina lugha niliyoitunga mwenyewe, naiita Kilumeri, mwaka wa tisa sasa. Kitenzi kinatangulia, na yambwa, yaani anayetendwa, inachukua -ke mwishoni. "Dila tamo vesuke": mtoto anakunywa maji. Kwa sababu ya -ke, maneno yanayofuata kitenzi unayapanga utakavyo na maana haipotei. Sasa sipati usingizi. Niifute au niibakishe?

NgeliKumi: Ibakishe. Zamenhof alitoa Kiesperanto, lugha ya kutungwa kama yako, mwaka 1887 kikiwa na -n ya yambwa. Watu walidai marekebisho, yakapigiwa kura 1894, yakakataliwa, na lugha ipo hadi leo. Volapük, lugha nyingine ya kutungwa, ya Schleyer, ilishavuma kabla yake, ikasambaratika kwa ugomvi wa marekebisho yake yenyewe. Ukianza kufuta hutaacha.

Bi_Sarufi: Umenikumbusha mbali. Tulitunga yetu shuleni, mimi na rafiki yangu, ngeli 23! Tulipogombana kila mmoja akaondoka na nusu ya msamiati. Neno la "samahani" analijua yeye tu mpaka leo.

Kiarifa: Mleta mada, kama unaiongea peke yako, hiyo -ke inamkera nani?

Mtunzi_Lumeri: Yupo mwingine. Binti yangu, miaka minne. Namsemesha Kilumeri tangu azaliwe. Mama yake anamsemesha Kiswahili. Mtoto hasemi -ke.

MwalimuMstaafu: Ndugu yangu, mtoto si daftari. Kuna baba mmoja Marekani alimsemesha mwanawe Kiklingoni, lugha ya kubuniwa ya filamu za Star Trek, miaka mitatu ya mwanzo, mtoto mwenyewe akaacha kukitumia. Mpe lugha yenye watu.

Mtunzi_Lumeri: Shikamoo mwalimu. Watu anao, Kiswahili anakimwaga vizuri tu. Na waliolelewa kwa Kiesperanto wapo, hawajapungukiwa. Halafu kitabu cha sarufi nimeshakiandika chote, -ke iko kila ukurasa. Ndiyo maana namsahihisha: akiiacha, anarudia sentensi.

Zege_Halilali: Hii chai. Mwanzo lugha ya daftarini, watu wakibana anazaliwa mtoto. Tuwekee sentensi moja aliyoisema huyo binti.

Mtunzi_Lumeri: Jumapili alinijia analia, mkono una mistari mitatu myekundu. "Mivu kora tamo." Paka kamkwaruza mtoto. Kwa sarufi yangu ni "Kora mivu tamoke." Nikamwambia rudia. Akanitazama, akashusha mkono, akaenda kumwambia mama yake kwa Kiswahili. Tangu siku hiyo hanijibu kwa Kilumeri hata neno.

Bi_Sarufi: Jamani. Si ungeuangalia mkono kwanza!

Zege_Halilali: Nafuta kauli, mkuu. Hebu itazame hiyo sentensi. Kaacha -ke, lakini kahamisha na kitenzi. "Kora mivu tamo" ingekuwa fumbo: paka kamkwaruza mtoto au mtoto kamkwaruza paka? Yeye kakipachika kitenzi katikati, anayetenda mbele, anayetendwa nyuma, fumbo limeisha. Mtoto kakutungia kanuni, na ni nzima. Mpika chai asingefika huko.

NgeliKumi: Hapo hata mimi nalegeza. Ido, iliyojitenga na Kiesperanto mwaka 1907, ilibakisha -n pale tu yambwa inapotangulia kiima, yaani mtenda. Fanya hivyo na -ke yako.

Mtunzi_Lumeri: Lakini kitenzi kutangulia ndiyo roho ya Kilumeri. Miaka tisa, wakuu.

Kiarifa: Na mzungumzaji wake wa pili ana siku ngapi kimya?

Mtunzi_Lumeri: Nne.

MwalimuMstaafu: Mwanangu, nenda kazungumze naye.

Mtunzi_Lumeri: Kalala sasa hivi. Nimefungua ukurasa wa mpangilio wa maneno, nimeandika juu kabisa "Mivu kora tamo", kama alivyosema. Asubuhi nitamwomba anionyeshe mkono, kwa Kilumeri, kitenzi katikati. Nitarudi hapa akinijibu.