Baiskeli yangu ina kilo 7.7, nataka ifike 6. Nianze na magurudumu ya kaboni?

Pandamlima:
Habari zenu wakuu. Naenda moja kwa moja kwenye mada.

Nina baiskeli ya mbio, fremu ya kaboni, breki za diski, gia za umeme. Nimeipima na pedali zake ikasoma kilo 7.7. Mimi mwenyewe nina kilo 70. Mbio ninazopenda ni za kupanda mlima tu: mnaanzia chini, mnamalizia juu, habari imeisha.

Mchanganuo wake ni huu. Fremu gramu 850, foki 390, magurudumu 1,580 (ringi za kaboni, spoku za chuma), tairi za milimita 28 gramu 280 kila moja, tyubu za kawaida 105 kila moja, kaseti (rundo la gia za nyuma) 360, krenki (mikono ya pedali na meno yake ya mbele) 740, siti 220, bomba la siti 190, usukani na shingo yake 380. Vilivyobaki ni vikorokoro.

Hela niliyodunduliza inatosha kitu kimoja kikubwa, na moyo wangu uko kwenye magurudumu. Nimeona seti ya gramu 1,250 yenye spoku za kaboni, silali vizuri tangu siku hiyo. Je, ndipo pa kuanzia? Na ni kweli kwamba gramu moja kwenye ringi ni sawa na gramu mbili kwenye fremu? Nawasilisha.

Mtazamaji_Kimya:
Nimeweka kiti mbele kabisa. Wataalamu karibuni.

HesabuKali:
Mkuu, nianze na hilo la gramu mbili, maana limewala watu hela nyingi.

Ukweli wake ni nusu. Kitu kilichoko ukingoni mwa gurudumu kinafanya kazi mbili unapoongeza kasi: kinasogea mbele na kinazunguka. Kwa hiyo ukichomoka, gramu ya ringi au tairi inahesabika karibu mara mbili. Ukishatulia kwenye mwendo wako mlimani, hesabu hiyo haipo tena. Mlima unaujua uzito, haujui umefungwa wapi. Usiniambie kila mkanyago ni mchomoko mdogo. Nguvu iliyoingia kwenye gurudumu zito unarudishiwa linapoendelea kuzunguka.

Sasa tuweke namba. Chukua Alpe d'Huez kule Ufaransa, kona 21, kilomita 13.8, unapanda kama mita 1,070. Kuinua kilo moja urefu huo kunataka kilojuli 10.5. Kama unakanyaga wati 250, hizo ni sekunde 42. Gramu 330 za magurudumu unayoyaota ni sekunde 14, kwenye safari ya saa moja na ushee.

Sisemi ni chache, mbio zinaamuliwa kwa sekunde 3. Ila ujue unachonunua.

FundiHabu:
HesabuKali kamaliza upande wa hesabu, mimi nije na spana.

Pandamlima, nimeusoma mchanganuo wako mara mbili. Hayo magurudumu uliyonayo si mabaya. Uzito wako wa bure umekaa mahali ambapo hakuna mtu anapiga picha.

Tyubu: unabeba gramu 210 za mpira. Ukiweka za TPU, zile nyembamba za plastiki, mbili zinakuwa na gramu 60 au 70. Tairi: shuka hadi za milimita 25 za daraja la mbio, gramu 225 hivi moja, umeokoa 110. Kaseti yako ya 360 ni ya daraja la kati. Za daraja la juu zenye meno yale yale 11-34 ziko kwenye 250. Siti ya gramu 120 siku hizi si kitu cha ajabu. Jumlisha mwenyewe: ni karibu nusu kilo, na hujagusa gurudumu. Magurudumu ya ndoto yako yanakupa gramu 330 peke yake.

La kilo 6, nikwambie ukweli. Ukibadilisha hivyo vyote, ukaongeza magurudumu, krenki ya gramu 600, bomba la siti la 120, usukani mwepesi, pedali nyepesi na tepu nyembamba, utafika 6.5 na vijisehemu. Hapo ukuta unaanza, na ukuta wako ni fremu. Fremu nyepesi za diski ziko chini ya gramu 600. Kampuni ya Specialized walipotoa fremu ya Aethos mwaka 2020 walitangaza gramu 585. Wewe una 850 pamoja na rangi. Hizo 265 huzipati kwa kubadilisha bolti.

MamaKilele:
Naungana na fundi, ila kwenye tairi naomba tusimame kidogo.

Mdogo wangu, usinunue tairi kwa mizani peke yake. Tairi mbili zinaweza kuwa na gramu sawa na moja ikawa inavuta kama imekanyaga tope. Tuseme tairi zako nyepesi zinakula wati 5 zaidi ya zile ulizotoa. Kwa wati 250 hiyo ni asilimia 2. Wewe, baiskeli, nguo na maji mnakaribia kilo 80, asilimia 2 yake ni kilo 1.6. Yaani umeokoa gramu 110 ukapoteza kilo moja na nusu. Angalia kwanza jinsi tairi linavyoviringika kwa wepesi barabarani, ndipo uangalie gramu.

Halafu chupa. Chupa ya mililita 750 ikijaa ni robo tatu ya kilo za maji. Kwa mlima wa nusu saa, kunywa kabla ya kuanza, panda na maji kidogo au bila. Waingereza wana msimu wao wa mbio za mlima wakati wa vuli, ukiwaona utacheka: wanakata pembe za chini za usukani, wanatoa tepu, wanatoa vishikio vya chupa, wengine mbele wanabaki na gia moja tu. Haipendezi machoni, ila wanapanda.

Kuhusu magurudumu sitaki kumvunja moyo. Sekunde 14 ni kwenye karatasi. Ukisimama kwenye pedali baada ya kona kali, gurudumu jepesi linaitika mara moja, na hilo lina raha yake na linakutia moyo wa kukanyaga tena. Tusijifanye sote hapa tunaendesha kwa ajili ya kikokotoo.

HesabuKali:
Raha sina ubishi nayo. Ninachokataa ni raha kuuzwa kama sayansi.

MzeeKaseti:
Vijana, uzi mzuri. Nina mawili.

La kwanza ni sheria. Kama una leseni na unashiriki mbio zinazofuata kanuni za UCI, yaani shirikisho la baiskeli la dunia, baiskeli haitakiwi kuwa chini ya kilo 6.8. Kikomo hicho kipo tangu mwaka 2000. Utahangaika ufike 6.5 halafu mstarini uambiwe uongeze chuma. Uliza waandaaji wa mbio zako kabla ya kutoa hela.

La pili ni shingo yako. Kuna watu wamewahi kuunda baiskeli ya kilo 2.7, inaendeshwa kabisa. Tunaipenda, tunaitazama, tunaiacha. Mahali pa kupunguza gramu ni pale ambapo kitu kikivunjika utashuka utembee. Kishikio cha chupa kikikatika, unakiokota. Usukani ukikatika unashuka mlima kwa kilomita 60 kwa saa, hakuna anayeokota kitu. Kwa hiyo usukani, shingo yake na foki, nunua kwa kampuni inayotoa maelekezo ya mkazo wa bolti na kikomo cha uzito wa mwendeshaji, na ukipewa bei ya kutupa jiulize kwa nini. Usukani wa kaboni wa bandia unafanana na halisi hadi nembo, tofauti iko ndani ambako jicho halifiki.

Pandamlima:
Shikamoo mzee. Mbio zetu ni za klabu, hazina kikomo cha uzito, hapo niko salama.

Nimewaelewa wakuu. Nusu kilo ya mahali pasipopigwa picha naichukua. Lakini magurudumu yatakuja tu, kama si sasa ni baadaye, kwa hiyo nisaidieni: spoku za kaboni zina faida kweli? Na ringi zile za huklesi niziogope au? Nyingi za gramu chache naona ndivyo zilivyo. Pia kuna mtu kaniambia nibadilishe bolti zote ziwe za titani.

FundiHabu:
Spoku. Ya chuma iliyobapwa ya daraja la juu, kama Sapim CX-Ray, ina gramu 4 na kidogo. Ya kaboni iko chini ya 3. Spoku 48 zinakuokolea kama gramu 65. Gramu nyingine zote zilizopungua kwenye ile seti ya 1,250 zimetoka kwenye ringi na habu. Faida ya kaboni ni ukakamavu, gurudumu halipindi pembeni ukisimama. Kabla hujanunua uliza swali moja: spoku ikikatika inabadilishwaje? Seti nyingi za sasa spoku inafunguliwa moja moja kwa nipeli (nati ndogo ya kukazia spoku) kama kawaida. Ila kuna magurudumu, mfano Meilenstein za Lightweight wa Ujerumani, ambayo spoku zimegandishwa na ringi na habu kuwa kitu kimoja. Hizo huziweki mezani kwa fundi ukazinyoosha, zinarudi kwa waliozitengeneza.

Na nipeli zenyewe. Za alumini ni nyepesi mara tatu hivi kuliko za shaba, ndiyo maana wanazipenda. Alumini ikigusana na kaboni penye unyevu na chumvi ya jasho, inaliwa. Gurudumu linakuja kunyooshwa, ukivua tepu ya ringi unakuta unga mweupe kuzunguka vitundu. Unaweka ufunguo wa spoku, unazungusha robo tu, tak! Kichwa cha nipeli kimebaki ndani ya ringi, kinacheza kama punje ya mahindi kwenye debe. Kama unaendesha mvuani, kula gramu 30 zaidi uweke za shaba.

Huklesi: ringi hazina ukingo wa kunasa tairi, zimenyooka. Si za kuogopa, ni za kutii. Mwisho wa upepo ni baa 5, hiyo ni psi 72 au 73, hata kama ubavuni mwa tairi pameandikwa zaidi. Tairi lazima liwe la tyublesi (linaloweza kutumika bila tyubu), liwe kwenye orodha ya mtengenezaji wa ringi, na upana uendane na upana wa ndani wa ringi. Hapo ndipo ule ushauri wangu wa milimita 25 unaweza kugoma, kwa sababu ringi nyingi mpya ni pana na zinadai 28 au zaidi. Kwa hiyo amua ringi kwanza, tairi baadaye. Ukitaka uhuru, tafuta ringi zenye ukingo. Zipo nyepesi pia.

Bolti za titani: za vishikio vya chupa sawa, hata za alumini zinatosha pale. Za shingo ya usukani na za kaliba za breki acha alizoweka mtengenezaji. Unaokoa gramu 10 kwenye bolti inayoshika meno yako.

MamaKilele:
"Inayoshika meno yako" 😂 fundi leo umeamka vizuri.

Naongeza kwenye TPU, maana kila mtu anazikimbilia halafu anarudi kulalamika. Usiijaze upepo ikiwa nje ya tairi, ipe pumzi kidogo tu ya kuipa umbo. Ikivutika hairudi kama mpira. Kiraka cha kawaida hakishiki, beba vya kwake. Na zile nyembamba kabisa za gramu 23 baadhi zinaruhusiwa kwa breki za diski tu, kwa sababu breki za ringi zinachemsha ringi kwenye mteremko na plastiki hiyo haipendi joto. Wewe una diski, hapo umepona.

Mtazamaji_Kimya:
Sasa mbona asirudi tu breki za ringi? Nasikia ni nyepesi.

FundiHabu:
Ni nyepesi, kama nusu kilo ukilinganisha baiskeli nzima kwa nzima. Lakini fremu yake imetobolewa kwa diski, haina mahali pa kufunga. Ni kununua baiskeli upya. Na kwa ringi za kaboni ukishika breki mteremko mrefu, joto linaweza kulainisha resini (gundi inayoshika kaboni) hadi ukingo wa ringi ukavimba. Mvua nayo unajua mwenyewe. Anayepanda tu na kushushwa na gari, hiyo ni njia nzuri. Anayeshuka mwenyewe, abaki alipo.

Pandamlima:
Nimepata mwongozo. Awamu ya kwanza: tyubu, kaseti, siti na bomba la siti. Tairi nasubiri hadi nijue ringi. Magurudumu nitatafuta yenye ukingo, spoku za kubadilishika, kati ya 1,250 na 1,300. Kilo 6 naifuta kichwani, nalenga 6.5. Bomba jipya la siti kuna la kuzingatia?

FundiHabu:
Futa grisi yote ndani ya fremu, paka mafuta ya kaboni yale yenye chenga kama mchanga laini, hayo ndiyo yanayozuia bomba kuteleza bila kulikaba. Funga kwa spana ya kupimia mkazo, usizidishe namba iliyoandikwa kwenye fremu, mara nyingi ni Nm 5 au 6. Alenki na mkono mtupu havijui Nm 5. Bomba likiendelea kushuka, ongeza mafuta ya chenga, usiongeze mkazo. Weka alama ya tepu mahali linapoingia, baada ya mlima wa kwanza utaona kama limesogea.

Na kila kitu kikifika, kipime kabla hujakifunga. Uzito wa magurudumu unaotangazwa mara nyingi hauna tepu wala valvu, na wa fremu mara nyingi ni kabla ya rangi. Lete namba zako hapa tuzione.