Baridi yabisi: nikifanya mazoezi siku moja, siku tatu siinuki. Nakosea wapi?

Nuru_ya_Alasiri

Habari zenu wana jukwaa. Nina miaka 41, ni mwalimu. Mwaka jana niligunduliwa kuwa na baridi yabisi. Ilianza kwenye vidole vya mikono yote miwili, ikaja kwenye vifundo vya mikono, kisha miguuni. Asubuhi nikishuka kitandani ni kama nakanyaga kokoto. Natumia methotreksati, dawa ya kutuliza ugonjwa huu, mara moja kwa wiki pamoja na vitamini ya foliki asidi, na kwa kweli nimepata nafuu. Zamani viungo vilikakamaa saa mbili nzima kila asubuhi, sasa ni kama dakika 40.

Shida yangu ni hii. Siku nikiamka mwepesi najiona nimepona. Nafua, nadeki, napanga makabati, na jioni natembea saa nzima kwa sababu daktari alisema mazoezi ni muhimu. Kesho yake vidole vimevimba, magoti mazito, na uchovu ambao hata usingizi hauuondoi. Siku mbili tatu nimelala. Nikipata nafuu, narudia yale yale.

Nyumbani nako kila mtu na lake. Mume wangu akiniona na ufagio ananinyang'anya, anasema nipumzike. Dada yangu anasema nikizoea kulala viungo vitaganda. Wote wananipenda, na wote wananichanganya.

Nauliza wenye uzoefu: mnajuaje kwamba leo ni siku ya mazoezi au ya kupumzika? Na maumivu yakija katikati ya zoezi, nivumilie au niache?

Kipepeo77

Pole sana dada. Hiyo habari ya kuamka mwepesi ukadhani umepona naijua vizuri, nimeishi nayo miaka miwili. Nakaa hapa nisubiri wataalamu.

Mzee_Subira

Mwanangu, msikilize mumeo. Kiungo kilichovimba ni kidonda cha ndani, na kidonda hakichokonolewi. Marehemu mama yangu alikuwa na ugonjwa huu huu, na madaktari wa wakati ule walimlaza wiki kadhaa apumzike tu. Haya mambo ya mazoezi yamekuja juzi.

Tiba_kwa_Vitendo

Mzee wangu shikamoo. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi. Unachosema kuhusu mama ni kweli kabisa. Miongo kadhaa iliyopita, kulazwa na kupumzishwa kulikuwa sehemu ya tiba ya baridi yabisi. Kuliachwa kwa sababu wagonjwa waliamka dhaifu kuliko walivyolala. Misuli ya mtu aliyelala hupungua haraka, hasa ule wa mbele ya paja unaoshikilia goti, na kiungo kilichopoteza misuli yake hubeba mzigo peke yake. Tena ugonjwa wenyewe hula misuli, na unaongeza hatari ya maradhi ya moyo na ya mifupa kuwa dhaifu. Kwa hiyo mgonjwa huyu anahitaji mazoezi kuliko hata mtu mwenye afya njema.

Nuru, hofu kwamba mazoezi yatakula viungo imechunguzwa. Uingereza ulifanyika utafiti wa watu 490 wenye baridi yabisi ya mikono, matokeo yakachapishwa 2014. Waliofundishwa mazoezi ya kunyoosha na kuimarisha mikono, pamoja na matibabu yao ya kawaida, walikuwa wanaitumia mikono yao vizuri zaidi baada ya mwaka kuliko ambao hawakufundishwa, na mazoezi hayakuwaletea madhara.

Lakini Mzee ana haki mahali pamoja. Kiungo ambacho leo kina joto, kimevimba na kinauma hata ukiwa umetulia, hicho hakibebeshwi mzigo. Kinapumzishwa. Viungo vingine vinaendelea.

Kuhusu maumivu: misuli kuchoka na kuwaka kidogo si tatizo. Maumivu makali yanayochoma ndani ya kiungo, acha hapo hapo. Kisha angalia saa. Kama saa mbili baada ya zoezi kiungo bado kinauma kuliko kabla hujaanza, au kesho yake kimevimba zaidi, ulizidisha. Usiache mazoezi, punguza. Ulitembea dakika 20, safari ijayo tembea 10.

Bibi_wa_Hatua_Ndogo

Nimeishi na ugonjwa huu miaka 19. Binti yangu, nimesoma ulichoandika mara mbili, na nadhani kosa lako haliko kwenye kutembea kabisa.

Wewe unahesabu ile saa moja ya jioni kuwa ndiyo mazoezi. Na kufua je? Kukamua nguo nzito kwa mikono ni kazi ngumu mno kwa kifundo cha mkono chenye baridi yabisi, kwa sababu unakaza na kupinda kwa pamoja. Kudeki umeinama, magoti na mgongo. Kunyanyua vitu kupanga makabati, mabega. Ulipoanza kutembea jioni, mwili ulikuwa umeshamaliza kazi ya siku mbili. Kisha kesho yake ukalaumu mazoezi. Mimi nilifanya hivyo miaka minne ya mwanzo, na nilifika mahali pa kuogopa hata kutoka nje.

Kilichonisaidia ni daftari. Wiki mbili niliandika kila nilichofanya na jinsi nilivyoamka kesho yake. Nikaona kiasi ambacho hata siku yangu mbaya ya kawaida nakiweza. Kwangu kilikuwa kutembea dakika 8. Nane tu! Niliona aibu, maana zamani nilikuwa mtu wa kilomita. Lakini nilitembea 8 kila siku, siku njema 8, siku mbaya 8, na kila baada ya wiki moja au mbili nikaongeza dakika moja au mbili. Leo natembea nusu saa, siku tano kwa wiki.

Siku njema ndiyo ya kuwa nayo makini. Ukiamka na nguvu, usizimalize zote siku hiyo. Fua leo, makabati kesho kutwa. Na pumzika kabla hujachoka, si baada ya kuanguka. Mimi kila nikifanya kazi nusu saa naketi dakika 10, hata kama najisikia vizuri. Hapo ndipo nilikuwa nashindwa zaidi, kwa sababu kuketi ukiwa na nguvu kunaonekana uvivu. Si uvivu.

Mume_wa_Salama

Nichangie kama mume. Mke wangu anaumwa ugonjwa huu na mimi nilikuwa yule wa kunyang'anya ufagio. Siku moja alilia, akaniambia, "Unanifanya nijione sina kazi tena katika nyumba hii." Iliniuma sana. Tangu siku hiyo namuuliza asubuhi, "Leo nishike kipi?" Kuna siku anasema nikamue nguo, yeye azianike. Kuna siku anasema kila kitu. Kuna siku anasema niondoke jikoni. Dada Nuru, mwonyeshe mumeo huu uzi.

Nuru_ya_Alasiri

Jamani, nimesoma nikalia. Bibi, ile ya kufua sikuwahi kuiwaza hata siku moja. Mume wangu amesoma pia, amekaa kimya muda mrefu, kisha akauliza kama kukamua nguo aanze leo.

Tiba, nisaidie hili. Siku ugonjwa umechachamaa, vidole vimevimba kweli, nisiguse mazoezi kabisa? Na kuna mtu alinishauri niwe naminya mpira ili vidole vipate nguvu.

Tiba_kwa_Vitendo

Mpira uweke pembeni kwanza. Vidole vilivyovimba na vyenye joto havifai kuminya kitu kwa nguvu.

Siku hiyo lala kiasi mwili unachotaka, lakini usiache viungo vikae mkao mmoja kutwa. Mara moja au mbili kwa siku, kila kiungo kikunje na kukinyoosha taratibu mpaka pale kinapofika bila kukilazimisha, mara chache tu. Kwa paja, nyoosha mguu kitandani, kaza msuli kama unasukuma goti chini kwenye godoro, hesabu hadi tano, achia. Msuli unafanya kazi huku goti halisogei. Kiungo chenye joto mara nyingi hupenda kitambaa cha baridi, kilichokakamaa bila joto hupenda maji ya uvuguvugu. Splinti ya mkono, yaani kifaa cha kuushikilia usipinde, ni ya usiku au ya kazi nzito. Ukiivaa saa 24, misuli inalegea.

Sasa sikilizeni wote. Kiungo kimoja kikivimba ghafla na kuwa chekundu na chenye joto kuliko vingine, hasa ukiwa na homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za ugonjwa huu hushusha kinga ya mwili, na kiungo kinaweza kuwa na maambukizi. Shingo ikiuma huku mikono au miguu ikipata ganzi au udhaifu, vivyo hivyo, na usijinyooshe shingo mwenyewe. Na ugonjwa ukichachamaa mara kwa mara hata kama unapima vizuri kiasi cha kazi na mazoezi, mwambie daktari wako. Huenda dawa ndiyo inayohitaji kuangaliwa upya. Usiongeze wala kupunguza mwenyewe, na methotreksati ibaki mara moja kwa wiki, kamwe isiwe kila siku.

Mzee_Subira

Nimekuelewa mtaalamu. Ningeyajua haya wakati ule, ningemshika mama mkono tukazunguka uani.

Nuru_ya_Alasiri

Narudi baada ya wiki tatu. Nilianza na dakika 10 asubuhi, viungo vikishalegea. Sasa ni 12. Nimelala siku moja tu katika wiki zote tatu, nayo ni baada ya kusahihisha madaftari mpaka usiku, si kutembea. Daftari limenionyesha hilo.

Swali la mwisho Tiba: kuandika ubaoni. Kidole gumba kinauma kipindi cha pili tu.

Tiba_kwa_Vitendo

Kalamu au chaki nyembamba inakulazimisha kubana. Izungushie kitambaa au sponji iwe nene, andika usawa wa kifua badala ya juu ya kichwa, na kila mistari mitatu minne shusha mkono, ufungue vidole. Wanafunzi pia waandike ubaoni, itawasaidia na wao.